Sumaku Mfukoni

Nilienda Matungu nikiwa na sumaku mfukoni. Rafiki yangu wa Nairobi, ambaye hununua magari ya zamani na kuyafufua, alisikia kuna MGB imelala kwenye kibanda cha mzee mmoja karibu na mashamba ya miwa. Akanituma kwa sababu kwetu si mbali na huko. Dili ikikubali, yangu ilikuwa 50,000.

Kwa asiyeijua, MGB ni gari dogo la kasi la Kiingereza, lililoundwa Abingdon kati ya 1962 na 1980. Yaliundwa zaidi ya nusu milioni, kwa hivyo gari lenyewe si adimu. Adimu ni lile lisilo na kutu. Halina chesisi ya kando kama Land Rover. Bodi ndiyo inayobeba uzito, hasa vile vyuma virefu vilivyo chini ya milango. Vikioza, gari linapinda mgongo na milango inakataa kufunga. Kwao Uingereza barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hula chuma. Muuzaji mjanja huziba mashimo kwa fila, anapiga rangi, anakutabasamia. Ndiyo maana ya sumaku: kwenye chuma inashika, kwenye fila nene inaanguka.

Nikapiga magoti. Ikashika. Nikasogea, ikashika tena. Mvua ya Kakamega haina huruma, lakini mzee alikuwa ameliinua gari juu ya matofali, chini ya mabati yasiyovuja, tangu mwajiri wake Mzungu alipomwachia na kurudi kwao.

"Ngoja kwanza, mjukuu wangu," akasema. Akainua zulia upande wa abiria. Tundu kubwa kama sahani. "Hapa kuku walilala miaka mingi, pakaoza. Usije ukasema nilikuficha."

Kisha akauliza, "Mtu wa skrepu ameniambia 30,000. Wewe utanipa ngapi?"

Nilikuwa na ruhusa ya kufika 600,000.

Sote tumefundishwa kumshuku anayeuza. Akificha kasoro tunamwita mwizi. Lakini anayenunua akificha thamani, tunasema ana akili. Na sababu zipo, sikatai: ujuzi wangu niliutafuta kwa miaka, na anayenunua ndizi Matungu akaziuze Nairobi kwa bei mara tatu hajamwibia mkulima. Pale kibandani hoja hizo zote zilinijia haraka sana, jambo lililonitia shaka. Tatizo lilikuwa lile zulia. Mzee alikuwa ameshaamua sisi wawili tutafanya biashara ya aina gani, nami nilikuwa nimekubali kwa kuinama kuangalia tundu.

Waislamu husimulia kisa cha Jarir bin Abdullah, sahaba wa Mtume, aliyenunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona farasi akamwambia mwenyewe kwamba anastahili zaidi, akaipandisha bei mwenyewe hadi 800. Alikuwa ameahidi kumtakia mema kila Mwislamu, na hakuona kwa nini ahadi hiyo ikome sokoni. Hapo zamani farasi ndiye aliyekuwa gari la kasi. Nairobi tungemcheka huyo mtu.

Nikampigia rafiki yangu. "Nyamaza, lipa, beba," akasema.

Nikarudi kwa mzee. "Kuka, usiuze hii kwa kilo. Kuna mtu anaweza kukupa 600,000."

Nilitarajia furaha. Aliniangalia kwa muda mrefu, akafunika gari kwa turubai. Mnunuzi anayepandisha bei mwenyewe, kwake, lazima ana jambo. Akasema atangoja mwanawe aje Desemba, wazungumze.

Rafiki yangu hajanipigia tangu siku hiyo. Zile 50,000 nilikuwa nimeshazipangia kodi ya nyumba.

Mzee alinisindikiza hadi barabarani, akanitafutia boda. Nilipokuwa nimeshapanda akanishika bega.

"Huyo mtu wako wa Nairobi," akasema, "usisahau kumwambia kuhusu lile tundu."