Ua wa Lwiro na swali la majirani

Anayetoka Bukavu kwa barabara ya Kavumu na Katana, kisha akaliacha ziwa nyuma na kupanda upande wa Lwiro, anakuta majumba makubwa yaliyojengwa na Wabelgiji kwa ajili ya IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947. Siku hizi tunaiita CRSN. Hapo Lwiro, tangu mwaka 2002, kuna ua ambao hauko kama nyua tulizozizoea. Ndani hamna mbuzi, hamna ng'ombe. Mna sokwe, yaani sokomutu kama tunavyosema huku kwetu, na makako wa aina nyingi. Wanapewa chakula kila siku, wanatazamwa na daktari wa wanyama, na wamezungukwa na waya za umeme. Kituo hicho kilianzishwa na ICCN pamoja na CRSN ili kuwapokea yatima walionyang'anywa kwa wawindaji na wachuuzi. Sokwe peke yao wamepita 100.

Majirani wanatazama, wanashangaa, wanauliza. Mama mwenye kitunga cha mihogo mgongoni hasimami kusoma kibao. Anasema neno lake akiendelea na safari: "Makako iko nakula ndizi, mutoto wangu iko nalala njala. Ni akili gani ile?" Na kijana aliye nyuma yake anaongeza: "Juu ya nini banazifunga? Zilifanya kosa gani?"

Maneno haya mawili yanateremka mpaka kwetu Sange, ingawa kati yetu na Lwiro kuna mlima na barabara ambayo kila msafiri anaijua. Watu wa masomo huyacheka. Wanasema ni maneno ya watu wasiojua. Sisi tunaona kinyume. Yule mama anauliza juu ya haki, yule kijana anauliza juu ya uhuru, na hakuna mwanafalsafa atakayeona aibu kuanza na maswali kama hayo. Ndiyo maana tumetaka yaingie katika kitabu hiki cha mila zetu.

Tuanze na ua wenyewe. Katika bonde la Ruzizi mtu hakuwa mtu mzima mpaka awe na lupango yake. Ilizungushwa kwa minyaa, kwa miiba, au kwa matete yaliyofungwa vizuri. Kazi yake ilijulikana: ng'ombe wasitoke usiku, fisi asiingie, watoto wajue mwisho wa mchezo. Lakini ua huo haukumfukuza mtu. Mpita njia mwenye kiu alisimama kwenye mlango, akapiga hodi, na aliye ndani alilazimika kujibu, hata kama hakuwa na pombe wala maji ya kutosha. Kunyamaza ilikuwa ni tusi. Ua wa zamani ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na sauti.

Tulikuwa pia na nyua zisizo na miti. Kuna koo ambazo hazili mnyama fulani, na mtoto alifundishwa mwiko huo kabla hajajua kuhesabu. Mnyama yule alipita karibu na nyumba bila kuguswa. Wengine wetu tukiandika juu ya mambo haya tunapenda kusema kwamba wazee walikuwa walinzi wa mazingira kuliko wazungu. Tusizidishe. Mwiko ulimlinda mnyama kwa ukoo mmoja, na ng'ambo ya kijito ukoo mwingine ulimpika na kumla vizuri. Hata hivyo mwiko ulikuwa na jambo moja ambalo waya haina: aliyeufuata alijua sababu yake, au angalau alijua ni nani aliyemwachia.

Sasa tujibu lile swali la kijana. Zilifanya kosa gani? Hazikufanya kosa. Kosa ni letu. Mtoto wa sokwe hakamatwi kama kifaranga. Mama yake hamwachi, na mara nyingi wakubwa wengine wa kundi wanamtetea, basi mwindaji anawaua kwanza. Nyama inaliwa au inauzwa, kadogo kanafungwa kamba na kutafutiwa mnunuzi mjini. Sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 ilikataza, na ile ya kulinda viumbe ya mwaka 2014 ikakataza tena, lakini sheria hailali porini. Tukumbuke pia mwaka 2000, bei ya koltani ilipopanda, watu walipoingia kwa wingi ndani ya parke ya Kahuzi-Biega kuchimba. Wachimbaji walikula nini kule msituni? Kila mtu anajua. Tembo, gorila, sokwe, wote walipungua katika miaka ile ya vita.

Yatima aliyelelewa kwa mikono ya watu harudi msituni kesho yake. Hakufundishwa ni tunda gani linaliwa, wapi pa kulala, nani wa kuogopa. Sokwe wa kundi lingine wanaweza kumwua kwa kuwa ni mgeni. Anaweza pia kupeleka kule magonjwa aliyoyapata kwetu. Kwa hiyo anafungiwa, pengine kwa miaka mingi sana, na sokwe anaweza kuishi miaka 50 au zaidi. Adhabu imempata aliyekosewa. Hatuoni njia ya kulipamba neno hilo.

Tumesikia wazee wakikata maneno ya ng'ombe huku bondeni. Mtu akiua ng'ombe wa jirani anayenyonyesha, maneno hayaishii kwenye bei ya ng'ombe. Mzee mmoja atauliza: na ndama atanyonya wapi? Hapo ndipo tunapouona ua wa Lwiro kwa jicho la mila. Ule ni ua wa deni, tena deni ambalo halikulipwa na waliolifanya.

Nyua za wanyama hazifanani, na hapa tunaomba msomaji atufuate mpaka mbali kidogo. Pwani ya Kenya, kati ya Mombasa na Malindi, kuna mahali panaitwa Vipingo Ridge. Ni uwanja wa golf, ule mchezo wa kupiga kampira kadogo kwa fimbo juu ya majani yaliyonyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Kandokando ya uwanja na nyumba za matajiri wameweka hifadhi ya wanyama, na mle wanatembea twiga na pundamilia. Jirani anayepita na jembe lake naye anaweza kushangaa: wanyama hawa wametoka wapi, na wanamngoja nani? Entebbe nako, mji ambao wafanyabiashara wetu wanaujua kwa uwanja wake wa ndege, kuna golf ya tangu siku za kwanza za Waingereza, na kuna bustani ya wanyama iliyoanza mwaka 1952.

Jambo moja linatuchekesha. Kuhusu sokwe watu wanauliza alifanya kosa gani hata akafungiwa. Kuhusu mcheza golf, ambaye naye yuko ndani ya ua, hatujasikia mtu akiuliza.

Tofauti iko wapi? Twiga wa uwanja wa golf yuko pale kwanza kwa ajili ya jicho. Hatusemi anateswa, pengine ananenepa kuliko ndugu zake. Lakini siku matajiri watakapochoka kumtazama, sababu ya kumweka imekwisha. Sokwe wa Lwiro hata asipotazamwa na mtu anabaki na haki yake ya kula, kwa sababu hakuletwa ili apendeze. Tarehe 14 Februari 2025, M23 ilipoingia Kavumu, watu wengi wa upande ule walibeba magodoro na watoto wakakimbia. Mnyama wa porini akisikia bunduki huingia ndani zaidi. Aliyefungiwa hawezi. Anangoja mtu aje na ndoo ya chakula, na mtu huyo lazima achague kati ya kukimbia na kufungua mlango. Anayefunga kiumbe ndani ya ua amejifunga naye, na jambo hilo kwa kawaida halionekani mpaka siku ya vita.

Tumlipe sasa yule mama. Swali lake ni gumu zaidi na hatutaki kumjibu haraka haraka.

Jibu la kwanza ambalo watu wa kituo hutoa ni kwamba ndizi ile haikuchukuliwa mdomoni mwa mtoto. Inanunuliwa kwa wakulima wa pale pale, na wenyeji wanapata kazi: kupika, kulinda, kufyeka, kulea. Ni kweli, na si jambo dogo katika mkoa ambao mshahara umekuwa hadithi. Bila sokwe, franga zile hazingefika Lwiro kwa kuwa mtoaji wa mbali alizitoa kwa ajili ya sokwe.

Lakini mama akilisikia jibu hilo atarudi na swali kubwa kuliko la kwanza: kwa nini mtoaji wa mbali anamwona sokwe, na mtoto wangu hamwoni? Hapo walimu tunakuna kichwa. Wengine husema wazungu wanapenda wanyama kuliko watu. Ni neno rahisi, na ni neno la uvivu, maana linamwondolea mzigo yule aliye karibu. Mtoto wa Lwiro na mtoto wa Sange hawakukabidhiwa kwanza kwa mtoaji wa ng'ambo. Walikabidhiwa kwa serikali yao, kwa mwami wao, kwa kanisa lao, na kwetu sisi jirani. Mtu akimlisha yatima wa jirani wakati mimi sijamlisha wangu, aibu si ya yule yatima. Tena tukiwanyima sokwe leo, hakuna anayeamini kwamba kesho ndizi itafika kwa mtoto. Itapotea njiani kama zilivyopotea nyingine.

Kwa hiyo hatukubali mzani ule unaoweka sokwe upande mmoja na mtoto upande wa pili. Ila kuna mzani mwingine ambao hatuwezi kuukwepa, nao uko kilomita chache tu juu ya Lwiro, ndani ya msitu.

Kahuzi-Biega ilifanywa parke ya taifa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na UNESCO ikaiweka kati ya urithi wa dunia mwaka 1980. Parke hiyo haina waya kuizunguka, ina mpaka wa karatasi na wenye bunduki. Batwa waliokuwa wakikaa mle waliondolewa kwa maelfu katika miaka ya 70, bila kuulizwa, na bila kupewa ardhi nyingine. Msitu kwao ulikuwa jiko, hospitali na makaburi ya wazazi. Walitoka wakawa vibarua katika mashamba ya wengine, wakilala kwenye viwanja vya watu. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi msituni kwa nguvu, na toka hapo damu ilimwagika, ya Batwa na ya walinzi pia. Miti mingi ilikatwa na kuchomwa makaa. Msomaji anayetaka kuona malaika upande mmoja na shetani upande wa pili hatampata hapa.

Tukitumia kipimo kile cha mila, tunaona tofauti kati ya nyua hizi mbili zilizo jirani. Ua wa Lwiro ulimfungia ndani aliyekosewa ili aishi. Mpaka wa parke ulimfungia nje aliyekuwa mwenye nyumba. Na alipopiga hodi hakujibiwa. Mashtaka ya Batwa yalifikishwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2015, na uamuzi ulitangazwa mwaka 2024: Kongo ilivunja haki zao, iwarudishie ardhi za mababu, iwalipe fidia, iwaombe msamaha mbele ya watu wote. Kati ya hodi na jibu imepita miaka tisa, na kati ya kufukuzwa na jibu imepita karibu miaka 50. Wengi waliofukuzwa walikuwa wamekwisha kufa.

Wanafunzi wetu wa darasa la sita ya sekondari tulipowapa jambo hili walijadili mpaka kengele ikalia mara mbili. Wengine walisema Batwa wapewe kazi ya ulinzi na ya kuongoza watalii, basi yatakwisha. Wengine walikataa: mlinzi hupewa mshahara na siku moja hufukuzwa, mwenye lupango hafukuzwi. Sisi tuko na hawa wa pili. Kazi ilikwisha kutolewa kwa baadhi ya Batwa, maana hakuna anayejua kufuata nyayo za gorila kuliko wao, na watalii waliwalipa wengine ili wawaone gorila kwa msaada wa macho yao. Jioni, kazi ikiisha, walivuka mpaka na kushuka kwenda kulala katika kiwanja cha mtu mwingine.