Deni Lisilo na Kipimo

Yafaa tuulizane, wazazi na walezi: kijana aliyesomeshwa na jamaa zake ana deni gani kwao, nalo hulipwa lini?

Hapa Nyakato, mjini Musoma, habari hii si ngeni. Baba huuza ng'ombe, mama huanika dagaa, shangazi naye huongeza alicho nacho, hata mtoto amalize chuo. Arudipo nyumbani bila kazi, kila amkutaye njiani humwuliza, "Je, umekwisha pata kazi?" Wadogo zake wangoja sare na madaftari, wazee wataja ng'ombe wa mahari. Naye hucheka mbele ya watu, na usiku halali.

Wako wasemao kwamba vijana wa siku hizi ni dhaifu, maana wazee walivumilia njaa na kazi nzito. Ni kweli walivumilia. Lakini mvua ilipokosekana, ilikosekana kwa wote, wala hapana aliyeambiwa kwamba ameshindwa peke yake. Shule imebadili jambo hili. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alionya mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule inayowatazamia wachache watakaoendelea huwaacha walio wengi wakijiona wameshindwa.

Tazameni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Hiyo nayo hudai. Lakini humpa mhitimu miezi 24 kabla ya kuanza kulipa, na mwenye ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Deni hilo lina kipimo na siku yake. Deni la jamaa halikuandikwa popote, kwa hiyo laongezeka kila jioni, na kijana hajui atakapolimaliza. Ndilo livunjalo moyo.

Sisemi kwamba hana deni. Asiyewakumbuka waliomlisha hana heri. Nasema tu kwamba haifai kudai kabla ya mavuno, wala kumpima mtoto kwa mtoto wa jirani. Shirika la Afya Duniani hutaja kujiua miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29; basi neno hili si la mzaha.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeuchukua huuona mwepesi. Basi mwulizeni kijana kwanza kama amelala vema. Kisha ketini pamoja, mkahesabu lipi lawezekana mwaka huu na lipi lingoje. Naye aseme kweli mapema, asifiche, maana mzigo usiotajwa hapana awezaye kumsaidia kuutua.