Mzigo wa Kukumbuka

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, iliyopitishwa mwaka 2004, yampa mama aliyejifungua likizo ya malipo ya siku 84, na baba yampa siku 3. Na mwenye kuitaamali hesabu hiyo ataiona humo itikadi yetu ya kale kwamba nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni mke, hata akiwa muuguzi aliyekesha zamu ya usiku, na mumewe ni mwalimu aliyelala hadi alfajiri.

Mume wa namna hiyo simlaumu kwa uvivu. Hupika uji, huwaogesha watoto, na akiagizwa sokoni huenda pasipo kunung'unika. Lakini huagizwa. Mkewe, angali amevaa viatu vya kazini, ndiye ajuaye kwamba mtungi wa gesi u karibu kwisha, kwamba tarehe ya kliniki ya mtoto mchanga imeandikwa kwenye kadi iliyo kabatini, kwamba dada wa kazi ameomba ruhusa aende msibani kwao, na kwamba kaptura ya shule haimwenei tena mtoto mkubwa. Hapo ndipo penye uzito. Kwani mikono huacha kazi mtu alalapo, ilhali fikira ya mwenye dhamana humfuata hadi kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Hukumu adhimu, ila mahakama hupima hayo ndoa ikiisha kuvunjika, na wanandoa wanahitaji kuyapima wangali wanakula pamoja.

Naona basi kwamba insafu baina yao haitapatikana kwa kugawana kazi nusu kwa nusu, jambo ambalo zamu na safari za ajira haziliruhusu, bali kwa kila mmoja kushika amana yake kamili, aifikirie, aikumbuke na kuitimiza asiulizwe. Taklifu hii yamhusu mke pia, na kwake huenda ikawa ngumu zaidi: akimkabidhi mume kliniki, amwachie na foleni yake, na maswali ya mganga, na hata safari ya bure siku atakapokosea tarehe, wala asimpigie simu kumkumbusha.