Samansi umeipokea, utaapaje kuwa hukuipata?

Ndugu Waislamu, mwajiri anapohukumiwa kulipa fidia bila yeye kufika mahakamani, kilio chake huwa kimoja: "Sikusikilizwa!" Kilio hicho kina uzito katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali bin Abi Talib (r.a.) Yemen kuhukumu, alimuusia asimkatie mtu hukumu mpaka asikilize na upande wa pili. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi. Imam Abu Hanifa akaona asiyekuwepo hahukumiwi. Imam Shafii, ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake, ameruhusu, lakini aliyekosekana akirudi hoja yake inasikilizwa.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Aliyehukumiwa upande mmoja, akilalamikia kuwa hakusikilizwa, hakimbilii rufaa. Hurudi kwanza mahakama ile ile kuomba hukumu itenguliwe, akionesha kuwa hakupelekewa samansi ipasavyo au alizuiwa na sababu ya msingi.

Sasa hapo kwenye "sababu" ndipo shetani anapokaa.

Muislamu mmoja mwenye karakana ya mbao aliwahi kuniuliza baada ya darsa. Kijana wake alikatwa vidole vitatu na msumeno, kabla Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) haujaanza kazi mwaka 2015. Samansi aliipokea, akatia saini, akaifungia kwenye droo. "Nilidhani atachoka, Ustadh," aliniambia. Hakuchoka, akapewa hukumu. Tajiri akashauriwa aape kuwa karatasi hakuiona kamwe, kesi ianze upya. Akataka kujua: je, ni kiapo kweli, au ni makaratasi tu ya mawakili?

Nikamjibu ni kiapo. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa anayeapa uongo ili ajikatie mali ya Muislamu atakutana na Allah akiwa amemghadhibikia. Na Mtume (s.a.w.) alionya kuwa hata yeye huhukumu kwa anayoyasikia, aliyepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi amepewa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi dhulma, itahalalisha ya hakimu wetu wa wilaya?

Akasema kiasi kimezidi. Huenda ni kweli, na hilo ana haki ya kulisema. Basi aseme hilo! Aseme samansi aliipata, akapuuza, na anaomba kiasi kitazamwe upya. Mahakama ikikataa, akubali. Lakini ile sehemu ambayo moyo wake unakiri anadaiwa, ailipe leo. Mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma, na kijana asiye na vidole hawezi kula tarehe za kesi.

"Na wakili akikataa kuandika hivyo?"

Atafute mwingine. Mjini hapa mawakili hawana uhaba.