Wa mabondeni 'wamejitakia'?

Kila mvua za masika zinapopiga Dar es Salaam na Mto Msimbazi ukafurika, hukosi kusikia kauli mbili. Ya kwanza: "Hiyo ni kadari ya Mwenyezi Mungu, tufanyeje?" Ya pili: "Wamejitakia, nani aliwaambia wajenge bondeni?" Ajabu ni kwamba kauli hizi hutoka mara nyingi katika kinywa kimoja, ingawa moja inamtupia lawama mwenye nyumba na nyingine haimlaumu yeyote. Zinapokutana ni pale tu ambapo msemaji anabaki hana la kufanya.

Tuanze na kadari. Hapana Muislamu anayebisha kuwa mvua huteremshwa na Allah. Lakini mvua ya Desemba 2011, ambayo mafuriko yake yaliua takriban watu 40 jijini, ilinyesha Masaki na ilinyesha Jangwani. Masaki watu walifunga madirisha. Jangwani walipanda juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa. Tofauti hiyo ilitoka mawinguni, au ilitoka katika bei ya viwanja na mitaro isiyochimbwa?

Na hata katika mvua yenyewe siku hizi umo mkono wa mwanadamu. Wataalamu wanatueleza kuwa joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo ikimwaga humwaga kwelikweli. Waliopandisha joto hilo ni mataifa ya viwanda, na kwa kiasi kidogo wenye magari na viyoyozi humu humu nchini. Msukuma mkokoteni wa Kigogo hayumo katika hesabu hiyo.

Sasa hili la kujitakia, ambalo ndilo zito zaidi. Kujitakia maana yake ni kuwa na njia mbili ukachagua mbaya. Mama lishe anayeamka alfajiri kuuza chai Kariakoo anahitaji chumba anachoweza kukilipia, tena mahali anapoweza kufika kwa miguu. Bonde la Msimbazi lilimpa vyote viwili. Hakuwa mjinga wa kutoujua mto. Alipima hatari ya mafuriko ya siku chache dhidi ya njaa ya kila siku, akapima vizuri tu.

Tunasoma katika historia kuwa mwaka wa 18 Hijria, ule mwaka wa ukame mkali ulioitwa Ramada, Sayyidna Umar (r.a.) alisimamisha adhabu ya kukata mkono wa mwizi. Aliona kuwa aliyesukumwa na dhiki hahukumiwi kama aliyechagua kwa raha yake. Na yeye mwenyewe, akiwa Khalifa, alijinyima samli mpaka watu wapate nafuu. Ikiwa mwizi alitazamiwa dhiki yake, vipi huyu ambaye hakuiba kitu, kosa lake ni kupanga chumba cha bei nafuu?

Baada ya mafuriko yale ya 2011, Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande. Ilikuwa hatua ya heri, kwa sababu huko maji hayawafuati. Lakini Mabwepande iko pembezoni kabisa mwa jiji, na nauli ya kwenda na kurudi humla muuza vitumbua faida yake kabla hajauza. Wapo waliorudi bondeni, na wenye kauli zao wakapata la kusema tena: "Si mnaona?"

Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule, zilizochochewa na El Nino, zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Kwa wengi wetu habari ile ilikaa siku mbili tatu, kisha tukarudi kwenye mpira.

Hivi sasa upo mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi, ambao mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinishia mkopo wa dola milioni 200. Katika mipango yake limo daraja jipya la Jangwani na bustani ya kupumzikia. Ni jambo jema, na lilichelewa. Ila siku bustani hiyo itakapostawi na ardhi ya jirani ikapanda bei, yule mama lishe atakuwa anapanga chumba wapi, na atafikaje Kariakoo kabla ya alfajiri?