Adili ya Kuomba Saa za Darubini

Kuomba ni haki ya kila mtu. Lakini je, ni haki pia kuomba jambo ambalo mwombaji hakujitaabisha kulipima kama lawezekana? Swali hili lilinikabili usiku mmoja juu ya vilima vya Kisarawe. Ukungu wa bahari ulikuwa umetanda, na mwanga wa Dar es Salaam umezimeza nyota nyingi upande wa mashariki. Mkobani nilikuwa na andiko la kijana wa Kibaha, aliyenitaka niisahihishe lugha yake kabla hajaomba saa za kutazama nyota changa kwa darubini ya infraredi.

Nuru hiyo, iliyogunduliwa na William Herschel mwaka 1800 kwa kipimajoto, hupenya vumbi lizifichalo nyota zinapozaliwa, lakini mvuke wa maji huimeza. Kwa hiyo pwani yetu haiifai hata kidogo. Darubini zake hujengwa juu ya milima mikavu, au hupelekwa nje ya hewa ya dunia, kama ile ya James Webb iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021. Hiyo hupokea maombi ya mataifa yote, na waamuzi hufichwa majina ya waombaji. Mwaka 2023 maombi yalipita 1,900, na saa zilizotakwa zilikuwa kama mara 9 ya zilizokuwapo.

Hapo ndipo hesabu igeukapo kuwa adili. Saa apewayo mmoja amenyimwa mwingine. Andiko la kijana lilikuwa tamu, nakiri nililionea wivu, lakini halikusema ni saa ngapi wala kwa nini. Chombo kile hakithubutu kulielekea jua, basi nyota nyingi huonekana kwa majira tu. Nyota kali mno hukipofusha. Na atakaye picha iliyo safi mara 2 hana budi kungoja mara 4. Aombaye saa kupita haja amechukua cha wenzake. Aombaye chache ili aonekane mnyenyekevu ni mkosaji zaidi, kwa maoni yangu, maana hata hizo chache zitapotea bure.

Yuko atakayesema kwamba sharti hili ni ukuta kwa maskini. Hoja hiyo si ya kupuuzwa: programu za kukokotoa muda hutolewa bure, lakini mtu wa kumwelekeza kijana wa Kibaha yu mbali. Hata hivyo ufasaha wangu ungemdhuru zaidi, kwa kuuvika upungufu wake nguo nzuri. Nilimrudishia andiko bila kusahihisha hata nukta.

Alirudi baada ya wiki 3. Kurasa 2 za sifa za mbingu zilikuwa zimefutwa, na mahali pake pana jedwali. Kati ya nyota 12 alizozitaka amebakiza 3. Kisha akaniomba tena nimsahihishie lugha.