Wataje kwa Majina

Wiki iliyopita basi letu lilikwama kwenye tope, tukitokea Kisarawe kwenda Marui. Tulishuka wote, wanaume wakasukuma. Kati yetu walikuwamo wanafunzi wa kike waliokuwa wakirudi likizo. Gari lilipojinasua konda alipiga bodi kwa kiganja, watu wakaparamia. Mimi nilibaki mlangoni nikiwauliza wale mabinti: wewe unaitwa nani, na mwenzako yuko wapi? Konda akasema, "Panda, mama, watoto wote wamo." Sikupanda hadi nilipolisikia jina la mwisho. Jirani yangu wa kiti aliniuliza kama mimi ni mwalimu. Nilimjibu kwamba niliwahi kuwa Girl Guide.

Ilikuwa mwaka 1994, nikiwa darasa la sita. Tulikuwa wasichana 12. Kila Jumatano, baada ya vipindi, mwalimu wetu alitukusanya chini ya mkorosho. Alitufundisha kufunga mafundo, kumfunga aliyeumia kwa kitambaa cha pembe tatu, kusalimiana kwa mkono wa kushoto, na kuinua vidole vitatu kukumbuka ahadi yetu: kumtumikia Mungu na nchi, kuwasaidia watu, na kuzishika sheria za Girl Guides. Tuliambiwa tuwe tayari wakati wote. Nilidhani utayari huo ni wa mambo makubwa, kama moto au mafuriko.

Bibi hakupendezwa. Yeye alilelewa kama mabinti wa Kizaramo wa zamani zake: alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafundwa na kungwi huku akimtunza mwana hiti, kile kisanamu cha mti, kama mtoto wake. Aliposikia nataka kwenda kulala kambini siku tatu, alikunja uso. "Mke mwenzangu," aliniambia, "binti hufundwa ndani. Huko porini atakufunda nani?" Mama alimbembeleza wiki nzima. Siku ya safari Bibi alinipa kanga yake kuukuu, safi, imekunjwa vizuri. "Nenda nayo," alisema. "Hujui itakufaa nini."

Kambi ilikuwa karibu na msitu wa Kazimzumbwi, na mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kikundi chetu. Kazi yangu ilikuwa moja: kila tunaporudi kutoka mahali, nimwambie mwalimu tuko wangapi. Siku ya pili jioni tulitoka kuchota maji. Tuliporudi mwalimu aliuliza, nami nikajibu haraka, "Kumi na wawili." Sikuwa nimehesabu. Tulikuwa kumi na wawili asubuhi, nikaona inatosha.

Mwalimu alinitazama. "Wataje," akasema.

Nilianza kutaja, na kila aliyetajwa akaitika abee. Nilipofika jina la kumi na moja, pakawa kimya. Nikalitaja tena. Kimya.

Tulimkuta nyuma ya gogo, si mbali na kisima, amejifunika magoti kwa skafu yake, analia. Alikuwa amevunja ungo, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia neno lolote kuhusu jambo hilo. Alidhani anakufa. Mwalimu hakunigombeza. Alichuchumaa mbele ya yule msichana, akamshika mkono, kisha akatuuliza nani ana kitambaa safi. Nilikimbilia kwenye mfuko wangu. Tuliichana kanga ya Bibi vipande vipande, na usiku ule, tukiwa tumezunguka moto, mwalimu alitueleza mambo ambayo kungwi angetueleza ndani ya nyumba. Bibi na mwalimu wangu hawakuwahi kuonana, lakini siku hiyo walinifunda pamoja.

Niliporudi nilimsimulia Bibi yote, hata uongo wangu. Bibi hakuwa na desturi ya kuhesabu wajukuu. Aliona ni mkosi kuhesabu watoto wa watu kama mbuzi. Kila usiku, kabla ya kufunga mlango, alitutaja mmoja mmoja, nasi tukaitika. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Namba haiitiki. Jina ndilo huitika."

Nilipokuja kusoma historia ya chama chetu, niliiona kwa jicho la Bibi. Mwaka 1909, kule Crystal Palace jijini London, maskauti wavulana walikusanyika mbele ya mwanzilishi wao, Baden-Powell, na baadhi ya wasichana wakatokea bila kualikwa, wakitaka nao watambuliwe. Mwaka uliofuata wakapata chama chao. Kilifika Tanganyika mwaka 1928. Leo wenzetu wako katika nchi zaidi ya 150, na kila tarehe 22 Februari hukumbukana. Chama hicho kina vituo vitano vya dunia. Vinne vina majengo, huko Uswisi, Mexico, Uingereza na India. Cha tano ni cha Afrika, hakina jengo, huhama kutoka nchi hadi nchi, na jina lake ni la lugha yetu: Kusafiri. Natamani Bibi angeishi kulisikia, yeye aliyeogopa kwamba safari itanipoteza.

Lakini aliyepotea alipotelea hapa hapa nyumbani. Yule msichana wa kisimani hakumaliza darasa la saba. Alipata mimba, na kwa utaratibu wa siku zile jina lake likakatwa kwenye daftari la mahudhurio. Jumatano iliyofuata chini ya mkorosho tulikuwa kumi na mmoja. Nilitoa taarifa hiyo kwa usahihi kabisa, na mafundo yakaendelea. Kutoka mkorosho ule hadi kwao hakukuwa mbali. Nilikuwa nimemtafuta gizani kule kambini. Kwao, mchana kweupe, sikwenda. Hilo ndilo ninalojilaumu mpaka leo.

Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Niliposikia tangazo hilo nilitoa machozi. Hata hivyo, tangazo haliendi kubisha hodi kwa mtu. Lazima awepo mwalimu, shangazi, jirani, au mtoto mwenzake wa miaka 13, atakayeona kwamba fulani hayupo, na ambaye hataridhika kuambiwa kwamba idadi imetimia. Vyama vya wasichana vinafaa kwa sababu hiyo kuliko nyingine yoyote. Mafundo nimeyasahau karibu yote. Kilichobaki ni ile amri ya neno moja: wataje.

Ilinichukua miaka mingi kuitii. Nilipokwenda hatimaye kwa yule mwenzangu, nilikuwa mtu mzima na sikujua nianze vipi. Nilisimama uani, nikamwita kwa jina lake lote, kama tulivyozoea kambini.

Kutoka jikoni nikasikia, "Abee!"